Lethi kuukuu ya kufufua au mpya ya mezani? Ulinganisho kwa karakana ya nyumbani Kigoma

Swali hili halikauki midomoni mwa mafundi vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji. Hela imekusanyika, kibanda cha karakana kipo uani, sasa inunuliwe lethi (mashine ya kukereza chuma) ipi? Mmoja ameonyeshwa mashine ya Kiingereza iliyolala ghalani miaka mingi, imeshika kutu, na mwenyewe anataka kuipima kwa kilo kama chuma chakavu. Mwingine ameona kwenye simu mashine ndogo ya Kichina, inang'aa, inakuja ndani ya boksi na inakaa juu ya meza. Nitazilinganisha hizo mbili, pamoja na njia ya tatu ambayo wengi huisahau: kutonunua chochote kwa sasa na kuendelea kupeleka kazi kwa fundi mwenye mashine. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kazi za Kigoma naegemea kuukuu, lakini si kila kuukuu, na si kwa kila mtu.

Kazi gani zinakuja mlangoni

Kabla ya kuangalia mashine, angalia kazi. Kigoma hazifanani na za Dar es Salaam. Hapa zinakuja shafti za mashine za kukamua mawese, bushi zake na puli zake. Zinakuja shafti za pangaboi kutoka kwenye maboti ya mizigo, puli za mashine za kusaga, bushi za pikipiki na bajaji, pini za trekta, na bolti ambayo saizi yake haipo dukani. Nusu ya kazi hizo ni ndogo kiasi cha kushikwa kiganjani. Nusu nyingine ni ndefu na nzito, na hapo ndipo uamuzi unapokaa.

Lethi hupimwa kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni kipenyo kikubwa cha chuma kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda (mwili mrefu wa mashine unaobeba sehemu nyingine) bila kugusa. Cha pili ni urefu kati ya ncha mbili, ya kichwa cha mbele kinachozungusha chuma na ya kichwa cha nyuma kinachokishikilia. Cha tatu, ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi, ni tundu la spindeli, ule mhimili unaozunguka ndani ya kichwa cha mbele. Chuma kirefu kuliko kitanda kinaweza kupitishwa ndani ya spindeli kikatokea upande wa pili, ukakikereza ncha tu. Kama hakipiti kwenye tundu, umekwama.

Mashine ndogo ya mezani ya Kichina iliyozoeleka ina kipenyo cha milimita 180, urefu wa milimita 300 au 350, na tundu la milimita 20. Sasa chukua shafti ya mashine ya mawese, mita moja, kipenyo milimita 35. Kwenye kitanda haienei, kwenye tundu haipiti. Kazi imerudi kwa mwenyewe. Upande wa pili, mashine ya kiwandani kama CA6140 ya China ina kipenyo cha milimita 400 na tundu la milimita 52, lakini uzito wake ni kama tani mbili, na karakana ya uani haina sakafu ya kuibeba wala mlango wa kuipitisha. Mashine kuukuu zinazofaa nyumbani ziko katikati: Colchester, Harrison, South Bend ya Marekani, na za Kihindi za mikanda na puli za ngazi.

Ila usidhani kila kuukuu ni kubwa. Myford ML7, iliyoanza kutoka mwaka 1946 na kupendwa sana Uingereza na watu wa karakana za nyumbani, ina kipenyo cha inchi 7 juu ya kitanda, karibu sawa na ile ndogo ya Kichina. Tundu lake la spindeli ni dogo zaidi, kama milimita 15. Ni mashine nzuri sana ya kazi ndogo za usahihi. Ukiinunua kwa ajili ya shafti za boti, umenunua jina.

Uzito ni muda

Chukua chuma cha milimita 50 ukitaka kukifikisha 40. Unatakiwa kuondoa milimita 5 kila upande. Mashine ya mezani yenye kilo 40 hivi ukiilazimisha kukata zaidi ya robo milimita kwa mpito mmoja inaanza kutetemeka, kisu kinapiga kelele, na uso wa chuma unatoka na mawimbi. Kwa mwendo huo ni mipito 20. Mashine ya nusu tani inakula milimita 2 bila kulalamika: mipito mitatu, kazi imekwisha. Mteja wa boti aliyeacha abiria na mizigo Kibirizi haulizi mashine yako ni mpya au kuukuu, anauliza saa ngapi.

Kwa bushi ya pikipiki ya shaba au alumini, tofauti hiyo haipo. Hapo ndogo inatosha, tena inapendeza, maana inawaka kwa swichi moja na haili umeme mwingi.

Umeme

Hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa na kuukuu kabla ya kuigusa. Mota yake ni ya umeme wa njia tatu, volti 400 au 415 kama kibao kinavyosema, na nyumbani una njia moja ya volti 230 kwenye LUKU yako. Watu wanafunga mazungumzo hapo. Si lazima.

Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kuunganishwa upya kutoka nyota kwenda pembetatu ikafanya kazi kwa volti 230 za njia tatu, na hizo unazipata kwenye invata ya mota inayopokea njia moja na kutoa njia tatu. Faida yake ni kubwa kuliko kuwasha tu: unapata kubadilisha mwendo kwa kuzungusha kitufe, na mota inaanza polepole bila kuangusha umeme wa nyumba nzima. Angalizo moja kwa fundi umeme wako: invata iungwe moja kwa moja na mota. Ile swichi ya zamani ya mashine isikae katikati yao, maana kukata na kuunga mota wakati invata inafanya kazi huiua invata. Swichi ya zamani unaweza kuipa kazi ya kutoa amri tu.

Kibao kikiandikwa 400/690, ujanja huo haufai. Badilisha mota. Mota ya njia moja ya hosipawa 2 inaendesha mashine ya ukubwa wa kati vizuri, na kwenye mashine za mikanda kubadilisha mota ni kazi ya bolti nne na puli.

Ile ndogo mpya haina tatizo la njia tatu, lakini ina lake. Mwendo wake unasimamiwa na bodi ya elektroniki, na bodi hizo haziupendi umeme unaopanda na kushuka. Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa jenereta za dizeli, na fundi yeyote wa friji hapa mjini atakueleza umeme mbaya unafanya nini kwenye bodi. Bodi ikiungua, unasubiri nyingine kutoka China. Mota ya kuukuu ikiungua, unaibeba begani hadi kwa fundi wa kusuka mota, unarudi nayo. Kwangu hoja hii peke yake ina uzito kuliko rangi na ung'aavu wa mpya. Ukiamua kununua mpya, nunua na kilinda volti siku hiyohiyo.

Kukagua kuukuu

Kutu ya juu isikutishe. Rangi mpya ndiyo ikutishe. Mashine iliyopakwa rangi jana, kitanda kimesuguliwa kwa grenda kikang'aa, ni mashine iliyofichwa kitu, na anayesugua kitanda kwa grenda ameshaharibu kilichobaki. Mambo mawili yakiwa mazima, kitanda na spindeli, mengine yote yanatengenezeka, na mengi kati ya hayo utayatengeneza juu ya mashine hiyohiyo. Hayo mawili yakiwa mabovu, iache ikapimwe kwa kilo.

Muombe mwenyewe ruhusa kwa heshima. "Shikamoo mzee. Naomba niiguse kwa mkono kabla hatujaongea bei." Atakujibu marahaba, gusa tu mwanangu. Akikataa, shukuru uondoke.

Anza na kitanda. Kibebeo kinachotembea na kisu kisogeze karibu kabisa na kichwa cha mbele, mahali ambapo kazi nyingi hufanyika na kuchakaa huanza. Kaza vibamba vyake (vipande vyembamba vya kuondoa mlegeo) taratibu mpaka kiwe kizito kidogo kusukuma. Kisha kizungushe kuelekea mwisho wa kitanda, kule ambako hakuna aliyewahi kukereza chochote. Kikienda hadi mwisho kwa uzito uleule au kwa uzito uliozidi kidogo, kitanda kina uhai. Kikigoma kabisa katikati ya safari, maana yake upande wa mbele umelika na upande wa nyuma bado ni mnene. Pitisha na ukucha ukingoni mwa njia, pale sehemu iliyotumika inapokutana na isiyotumika. Ngazi ndogo unayoihisi kidogo tu unaweza kuishi nayo. Ngazi inayozuia ukucha ni ya kukwanguliwa na fundi mwenye ujuzi maalumu, na fundi huyo hapatikani kirahisi huku kwetu.

Spindeli sasa. Weka saa ya kupimia (kipimo chenye sindano kinachoonyesha mchezo mdogo), ncha yake iguse juu ya spindeli, halafu ingiza mpini wa mti chini ya kibanio cha taya (kile kinachoshika chuma) ukinyanyue kwa nguvu ya mkono. Sindano ikicheza hadi milimita 0.05, hiyo ni kurekebisha tu. Mashine kama ML7 zina beringi za metali nyeupe zenye vishimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia nafasi, na kuondoa shimu moja kunarudisha ukazo. Nyingine zina beringi za rola zenye nati ya kukazia nyuma. Sindano ikicheza sana hata baada ya kukaza, au spindeli ikizunguka kwa mikwaruzo unayoisikia mkononi, ondoa gharama ya beringi kwenye bei kabla hujaendelea. Huna saa ya kupimia? Azima. Kununua lethi bila saa ya kupimia ni kununua ng'ombe usiku.

Meno ya gia yaangalie moja moja kwa tochi. Jino moja lililovunjika kwenye gia ya nje si msiba, linajazwa kwa kulehemu shaba na kuchongwa upya kwa tupa, au gia nzima inachongwa. Jino lililovunjika ndani ya kichwa cha mbele ni habari nyingine. Kisha uliza gia za kubadilisha ziko wapi. Mara nyingi ziko kwenye debe pembeni, au watoto wamezichezea.

Gia hizo ni muhimu kwa sababu ya nyuzi za bolti. Mashine ya Kiingereza ina skrubu ndefu (inayosogeza kisu wakati wa kukata nyuzi) ya inchi, kwa mfano nyuzi 8 kwa inchi, na bolti zinazokuja mlangoni kwako ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na kugeuza inchi kuwa milimita kwa gia kunahitaji gia ya meno 127. Ikiwepo kwenye debe, bei yake ni halali kupanda. Isipokuwepo, gia ya meno 63 ikishirikiana na ya 80 inakaribia sana: kosa lake halifiki milimita 0.13 kwa urefu wa mita nzima, na nati ya kawaida haitalihisi. Mashine ndogo ya Kichina kwa kawaida ina skrubu ya milimita tangu kiwandani, kwa hiyo hapa inashinda bila mabishano. Gia zake lakini mara nyingi ni za plastiki, na plastiki hukatika meno kisu kikinasa.

Kutu, na mafunzo ya Liemba

Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya maji, imeokolewa na grisi. Kwa hiyo lethi ya ghalani yenye kutu ya kahawia juu ya grisi kavu ni mashine iliyohifadhiwa. Yenye kutu nyekundu inayobanduka magamba kwenye njia za kitanda, bila tone la mafuta, ndiyo iliyotelekezwa.

Kuondoa kutu, njia ni nyingi na sitazimaliza. Kitanda na sehemu zote za kuteleza: mafuta ya taa, kitambaa na wembe ulioshikwa kwa kulala. Msasa usiufikirie, grenda usiitaje. Vipande vidogo kama mikono, mabano na vifuniko viingize kwenye beseni la plastiki lenye maji na magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, uunge chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Kile chakavu kisiwe chuma cha pua, maana hutoa sumu ndani ya maji. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu vipovu vinavyotoka vina gesi inayowaka. Springi na vipande vilivyotiwa ugumu usiviingize humo, hufanywa vyepesi kuvunjika. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo isuguliwe ikiwa imelowa, na watoto wasiwe karibu. Kupaka rangi upya kuache mwisho kabisa, hata ukiiruka mashine itakata vilevile.

Mafuta: haidroli namba 32 kwenye beringi za spindeli, namba 68 kwenye njia za kitanda. Oili chafu ya gari iliyotolewa kwenye injini iache, imebeba unga wa chuma, ni kama kupaka msasa. Na kwa kuwa tuko ziwani, chuma baridi hutoa jasho asubuhi wakati wa masika. Ifunike kwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani.

Ile mpya nayo isikudanganye kwamba iko tayari. Inafika imejaa grisi ya kusafirishia, mara nyingine na mchanga wa kalibu ndani, na vibamba havijakazwa sawa. Itakudai siku za kufungua, kusafisha na kurekebisha. Ni kufufua kwa kiasi chake, ila unafufua kitu ambacho hakijawahi kuishi.

Kuifikisha na kuisimamisha

Boksi la kilo 40 linapanda basi. Mashine ya nusu tani kutoka Dar es Salaam inasafiri takribani kilomita 1,250 kwa reli, au kwa lori. Ivunje: kichwa cha nyuma, mota na kibanio vitoke. Kibebeo kisogeze mwisho wa kitanda kusawazisha uzito, kamba ipite chini ya kitanda, isishike spindeli wala skrubu ndefu. Lethi ni nzito juu na nyembamba chini. Ikianza kuanguka, usijaribu kuidaka.

Kwenye sakafu ya zege, kitanda kikipindika kidogo tu kwa sababu mguu mmoja unaning'inia, shafti zako zitatoka nyembamba upande mmoja. Dawa yake ni rahisi. Bana chuma cha milimita 40 bila kutumia kichwa cha nyuma, acha mabega mawili yaliyo mbali kwa milimita 150, yakate yote kwa kisu kilichowekwa kipimo kilekile, kisha pima kwa maikromita. Tofauti ikizidi milimita 0.02, kaza au legeza bolti za miguu na urudie. Kitanda kizima kisichotulia sakafuni wengi hukilaumu kwamba kimelika.

Njia ya tatu

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lina hapa Kigoma kituo cha kuendeleza teknolojia, na mjini wapo mafundi wenye lethi wanaokereza kwa malipo. Ukiwa unapata kazi moja au mbili kwa mwezi, wape wao, ulipe, uongeze chako kidogo, usishike mzigo wa mashine. Na huko ndiko pa kujifunza kuishika kabla hujaimiliki: usivae nguo zinazoning'inia wala glavu, na ufunguo wa kibanio usiuache ndani yake hata kwa sekunde moja.

Wakati huohuo fungua daftari. Kila kazi unayoipeleka andika kipenyo, urefu, aina ya chuma na kama ina nyuzi. Daftari likijaa bushi na pini zisizozidi urefu wa kiganja, nunua mpya ya mezani, na usione aibu mbele ya wenye mashine kubwa. Hasa kama umepanga chumba Mwanga, maana mwenye nyumba akikuambia uhame, utaihamisha kwa toroli. Daftari likionyesha shafti za milimita 30 na kuendelea, puli, ngoma za breki, tafuta kuukuu ya ukubwa wa kati yenye tundu la spindeli la kutosha shafti hizo, na uwe na sakafu yako mwenyewe.

Aliye katikati, mwenye kazi ndogo nyingi na kubwa mojamoja, asinunue zote mbili. Anunue ndogo kwa ajili ya zinazolipa kodi ya kila mwezi, na zile kubwa mojamoja aendelee kuzipeleka kwa mwenye mashine kubwa. Huko aendako kazi zikianza kukaa foleni wiki nzima bila kuguswa, hapo ndipo arudi kwa yule mzee wa ghalani, akiwa na saa ya kupimia mfukoni.